Firigisi ya Mwalimu wa Kilatini

Shule ya Misheni, karibu na Kibabii
19 Februari 1950

Mwanangu Wangui,

Ukiona mwandiko huu utadhani kuna msiba, maana tangu nihamishwe kutoka shule ya shambani huko Kitale nimekuandikia kwa nadra sana. Hakuna msiba. Kuna Kilatini.

Padri aliyekuwa akifundisha Kilatini hapa aliugua akarudishwa kwao Ulaya. Padri Mkuu akaniita, akaniuliza kama ni kweli nilisoma seminari. Nikasema ni kweli, mwaka mmoja, kabla marehemu baba hajanirudisha nyumbani nichunge ng'ombe wake na nioe. Akasema mwaka mmoja unatosha. Nami, kwa vile mdomo wangu una haraka kuliko akili yangu, nikasema naam, unatosha.

Hautoshi. Ninachokumbuka ni sala, rosa, rosae, na fimbo. Padri aliacha kitabu kimoja cha sarufi, na mchwa wamekila kuanzia katikati mpaka jalada la nyuma. Wameniachia ngeli mbili za kwanza na ukurasa wa yaliyomo, nadhani ili nijue vizuri ninachokosa.

Mambo yamekaa hivi. Mwezi wa kumi vijana wangu watafanya mtihani wa Kilatini. Wakifaulu wataendelea na masomo ya juu. Wakishindwa darasa linafungwa, wao wanarudi kulima kwao Bumula, na mimi narudishwa kufundisha a, e, i, o, u. Hiyo si kazi mbaya, ndiyo niliyokufundishia wewe. Lakini kuna kijana mmoja, Nyongesa, ana kichwa mpaka kinanitisha. Huyo akirudi kushika jembe kwa sababu ya mchwa, sitalala vizuri tena.

Kiplimo, dereva wa lori la mahindi anayekuletea barua hii, ndiye aliyeniambia unafanya kazi kwa mama mmoja mzungu, si Mwingereza, mwenye sanduku la vitabu. Ati husali kwa Kilatini jikoni. Ni kweli? Na kama ni kweli, atakubali kuulizwa maswali na mwalimu asiyemjua?

Peris mke wangu anakusalimu. Anasema ukikataa hatakulaumu, atanilaumu mimi.

Mwalimu wako wa zamani, na mwanafunzi wako nikibahatika,
Festus Mukhisa


Kitale
5 Machi 1950

Mwalimu wangu mpendwa,

Ulitufundisha kwamba barua njema huuliza kwanza afya, kisha mvua, kisha mifugo. Nimeuliza yote matatu kwa pamoja, sasa tuendelee.

Ni kweli. Anaitwa Bibi Remedios, Mhispania wa mji wa Sevilla. Mumewe Mwingereza alikufa mwaka juzi, akamwachia shamba na mbwa. Kwao alikuwa mwalimu wa shule, na yeye mwenyewe alilelewa na masista, kwa hiyo Kilatini anacho kama mimi nilivyo na Gikuyu. Macho ndiyo hana. Ugonjwa wa sukari umeyamaliza.

Mimi niliajiriwa kufagia. Siku moja nilikuwa napangusa vumbi kwenye vitabu, nikasoma jina la kimoja kwa sauti, mchezo tu. Bibi akainuka kitini. "Nani nasema hiyo?" Kumbe Kihispania husomwa kama kinavyoandikwa, a ni a, e ni e, kama ulivyotuimbisha chini ya lile bati lililovuja. Nilihitaji kuongezewa herufi chache tu: h hawaisomi, j huikwaruza kooni, na ile n yenye kofia ni ny, ile inayoanza jina la mama yangu Nyaguthii. Tangu siku hiyo nafagia asubuhi, na mchana mimi ni macho ya Bibi. Mwanzoni nilisoma bila kuelewa hata neno. Sasa naelewa kiasi, kwa sababu hunisimamisha kila mstari na kunifafanulia kwa Kiswahili chake cha jikoni. Ninamshukuru Mungu kwa bati lile, Mwalimu, na wewe nakushukuru pia.

Nilimsomea barua yako. Alicheka habari za mchwa, kisha akasema: "Ambia yeye mimi tafundisha. Mimi nakaa bure siku mingi."

Somo lake la kwanza ni hili. Usiwakaririshe vijana majedwali kabla hawajajua sababu. Kwa Kilatini neno hubadilisha mkia kulingana na kazi linayofanya. Magister discipulum laudat, mwalimu anamsifu mwanafunzi. Ukigeuza ukaandika discipulum magister laudat, bado ni mwalimu anayesifu, maana mkia ndio unaosema nani katenda na nani katendwa. Mama yangu ana kilemba cha sokoni, cha kanisani na cha kwenda kwa wakwe, na popote utakapomkuta utajua amekuja kufanya nini. Kuna mkia wa mtendaji, wa mtendwa, wa mwenye kitu, wa anayepewa, hata wa mtu anayeitwa.

Ngeli ya tatu nimeinakili kwenye karatasi ya pili, pamoja na mifano ya Bibi. Utaona yote inahusu masista, mawaridi na mafuta ya zeituni.

Mchana tunasoma washairi wa kwao. Bibi anasema huko waandishi huhesabiwa kwa marika: kuna rika la Tisini na Nane, kuna rika la Ishirini na Saba. Sijajua kwa nini. Nitamuuliza.

Mtoto wako wa darasani,
Wangui


Shule ya Misheni
26 Machi 1950

Mwanangu Wangui,

Mpe Bibi Remedios mkono wangu, na useme ni mkono wa mtu aliyeokolewa mtoni. Darasa limeamka. Walipoambiwa Kilatini kina ngeli tano tu walicheka mpaka Padri Mkuu akachungulia dirishani. Nyongesa akasema, "Mwarimu, ngeli tano tu? Hawa Warumi walikuwa wanaongea nini siku nzima?" Nikamwambia angoje afike ngeli ya tatu. Amefika, na hacheki tena.

Kilemba cha mama yako kimefanya kazi kuliko fimbo yangu. Vijana sasa wakikosea mkia wa neno huambiana, "Umekuja sokoni na kilemba cha kanisani."

Sasa habari za marika. Nilipolisoma jambo hilo darasani palizuka kelele ya furaha, maana hapo tu ndipo walipoona Wahispania ni watu. Nikawaeleza kuwa bila shaka wale washairi wa Tisini na Nane walitahiriwa msimu mmoja mwaka huo, wakawa bakoki, yaani watu wa kisu kimoja, na ndiyo maana wanatajwa pamoja. Lakini wameniuliza maswali ambayo sina majibu yake. Nani aliwatahiri? Walisimama imara wote, au kuna aliyetetemeka? Na jina la rika lao litarudi lini? Kwetu Bukusu, unajua, majina huzunguka: mimi ni Kananachi, wakafuata Kinyikewi, hawa wa sasa ni Nyange, na baada ya kama miaka mia Kananachi watazaliwa tena. Rika halifi, linakwenda kuzunguka tu.

Tafadhali niulizie, na unitumie ngeli ya nne.

Wako mwenye deni la shukrani,
Festus Mukhisa


Kitale
16 Aprili 1950

Mwalimu wangu mpendwa,

Nimemsomea Bibi maswali ya vijana. Alicheka mpaka miwani yake myeusi ikaanguka, mbwa akabweka, na mama yangu, anayepika hapa, akaja mbio kutoka jikoni akidhani Bibi ameshikwa na kifafa. Tangu bwana wake afe hatujamsikia akicheka hivyo. "Ambia wao," akasema, "hapana tahiri. Lakini ingekuwa tahiri, mimi najua nani angetetemeka. Karibu yote."

Rika la Tisini na Nane lilipata jina kwa sababu mwaka huo Uhispania ilipigwa vitani, ikapoteza makoloni yake ya mwisho. Vijana waandishi wakaitazama nchi yao bila mapambo, wakauliza: sisi ni nani sasa? Nilifurahi sana, maana hivyo ndivyo wazee wetu wa Gikuyu wanavyofanya. Rika letu huitwa kwa tukio la mwaka wake, nzige, njaa au maradhi, na halirudi. Kwa hiyo Wahispania ni kama sisi, Mwalimu, si kama ninyi.

Bibi akasema subiri. Rika la Ishirini na Saba, ambalo ndilo lake, lilipata jina kwa mkutano uliofanyika Sevilla. Vijana walikusanyika kumheshimu mshairi wa karne yao ya dhahabu, aliyekufa miaka mia tatu kabla. Alikuwa mmoja wa wale waliosuka maneno kama kikapu kisichovuja, na watu wa karne za katikati walikuwa wamemdharau, ati haeleweki. Wale vijana wakamrudisha. Bibi alikuwa mle ukumbini, amekaa nyuma na kaka yake Anselmo, aliyekuwa pia akiandika mashairi. Wanawake washairi walikuwepo, anasema, na wazuri, lakini zilipopigwa picha hawakuitwa. Kwa hiyo kuhusu kurudi, wewe umeshinda. Aliniambia niyasome tena maneno yako, "Rika halifi, linakwenda kuzunguka tu." Nikasoma. Akaniambia tena. Kisha akalia, Mwalimu, bila kujificha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vililitawanya rika lake. Mmoja yuko Meksiko, mwingine Ajentina, na Anselmo hajulikani alikozikwa. Alidhani limekwisha. Anasema hakuna mtu aliyewahi kumpa pole kama hiyo, na imetoka kwa mtu asiyejua kuwa anatoa pole.

Jambo moja zaidi, ambalo nalipenda kuliko yote. Kabla kidogo ya rika la Tisini na Nane kulizuka mtindo mpya wa mashairi, wanauita modernismo. Haukuanzia Uhispania. Ulianzia ng'ambo, kwa wale waliokuwa wametawaliwa, ukavuka bahari ukaja kumfundisha mama, Uhispania, lugha yake mwenyewe. Bibi anasema kwao jambo hilo liliwachukua muda kulimeza.

Ngeli ya nne na ya tano zimo ndani. Bibi ameongeza mfano wa sista aliyeiba mkate.

Wangui


Shule ya Misheni
21 Mei 1950

Mwanangu Wangui,

Mwambie Bibi kwamba nimeisoma barua hiyo kwa Peris, na Peris amelia pia, na sasa anadai ndugu yake mpya yuko Kitale.

Habari za makoloni kumfundisha mama lugha yake nimezisoma darasani mlango ukiwa umefungwa. Baadaye Nyongesa akanifuata nje. "Mwarimu, kwa hiyo mtoto anaweza kufundisha mzazi, na si matusi?" Nikamwambia si matusi, mradi mtoto awe amejifunza vizuri. Hata mimi nafundishwa na mtoto niliyemshika mkono kuandika jina lake.

Vitenzi vinatupiga. Naomba msaada haraka kuhusu wakati uliopita, maana miezi inakimbia.

Wenu nyote wawili,
Festus Mukhisa


Kitale
9 Julai 1950

Mwalimu wangu mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua ilikuwa nyingi na lori la Kiplimo lilikwama.

Bibi anasema vitenzi vya wakati uliopita vigawe makundi mawili. Kuna jambo lililokuwa likiendelea, na kuna jambo lililokwisha. Legebam, nilikuwa nikisoma. Legi, nilisoma, basi, nikafunga kitabu. Vijana wakishika tofauti hiyo, mikia itakuja yenyewe. Jedwali limo ndani, na mifano ni hii: Rusticae ante lucem surgebant, wanawake wa shambani walikuwa wakiamka kabla ya kupambazuka. Socrus pultem amavit, mama mkwe aliupenda uji. Wakitaka zaidi watunge wenyewe.

Bibi pia amefikiri tena kuhusu marika. Anasema huenda Gikuyu wana haki. Rika huitwa kwa lililotokea mwaka wake, kama mwaka wa nzige, na likishapita limepita.

Usiache kuuliza maswali. Ulizeni mengi. Bibi anapenda kazi.

Wangui


Nyumbani, Kibabii
30 Julai 1950

Mwanangu Wangui,

Hujaniona, lakini nakujua kwa barua zako. Mimi ni Peris, mama Wekoye. Kuandika si kazi yangu, kwa hiyo nitasema kidogo.

Nimempa Kiplimo kikapu. Mna simsim, njugu na ndizi kavu. Ni vyako wewe. Usimgawie mtu yeyote wa nyumba ile kubwa. Kaa chini ule. Mtu akiwa na kazi nyingi moyoni husahau tumbo.

Kikapu usikirudishe haraka. Kikae kwako.

Peris


Shule ya Misheni
3 Septemba 1950

Mwanangu Wangui,

Tumerudi darasani. Agosti vijana wangu wengi walipashwa tohara. Ni mwaka wake. Padri Mkuu alifumba jicho moja. Nyongesa alisimama kama mti, na baba yake bado anawazungukia majirani kueleza. Sasa wanakaa kwenye dawati kwa heshima kubwa, wanaitana bakoki, na kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kula. Lakini vitenzi wamevishika. Tangu Julai somo limekuwa jepesi, sijui kwa nini. Mama mkwe na uji wake wamepita kote kijijini. Hata walinzi wa misheni wanajua kuwa mama mkwe aliupenda uji.

Wameapa jambo. Wakifaulu watakuja Kitale na jogoo kumshukuru mwalimu wao wa kweli. Nyongesa amekwisha kumchagua. Anamfuga na kumwita Ablativus, jina la mkia wa Kilatini wa kitu kinachotoka mahali. Unajua sisi: kuku akishatoka nyumbani kwa shukrani harudi.

Endelea kututumia, mwanangu. Mimi ninashukuru kuliko ninavyoandika.

Festus Mukhisa


Kitale
1 Oktoba 1950

Mwalimu wangu mpendwa,

Waambie vijana Bibi anashukuru kwa wazo hilo, lakini hapendi wageni siku hizi. Mbwa pia ni mkali. Jogoo wamle wenyewe.

Nimetunga maswali ya majaribio, yaani Bibi ametunga, kurasa sita mbele na nyuma. Wasilale na wasiwasi juu ya mtihani. Waambie wasome swali mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu, kama ulivyokuwa ukituambia sisi, nasi hatukusikia.

Nawaombea kila asubuhi.

Wangui


Shule ya Misheni
26 Novemba 1950

Mwanangu Wangui,

Wamefaulu. Wote, isipokuwa mmoja aliyeugua malaria siku ile, naye ataruhusiwa kurudia. Nyongesa amekuwa wa kwanza. Padri Mkuu amesoma majina kanisani, na mimi nikatoka nje nikajifanya nakohoa. Darasa halifungwi.

Sasa naweza kuandika lile nililolishikilia. Pole, mwanangu. Pole kwa Bibi Remedios. Najua amelala nyuma ya nyumba, karibu na miti ya miwati, tangu mwisho wa Juni.

Peris ndiye aliyeniambia. Nilimsomea barua yako ya Julai, akaweka chini ungo wake. Akasema, "Huyu si yule mama. Mwanamke aliyeomba asomewe tena na tena kuwa rika halifi, hawezi mwezi wa saba kusema likishapita limepita. Hapo ni msichana anasema, na amefiwa." Kisha akasema masista hawaamki kwenda kupalilia mahindi, wala hawana mama mkwe. Nilibisha. Kiplimo alipopita tukamuuliza, akavua kofia. Yeye mwenyewe alisaidia kuchimba kaburi.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Niliona unaniogopea mimi, kwamba nikijua Bibi hayupo nitakata tamaa mbele ya darasa. Nami nikakuogopea wewe, kwamba nikikupa pole utaona huwezi kuendelea bila yeye, na kumbe ulikuwa umeshaendelea. Kila nilipoandika "mpe Bibi salamu" kalamu ilinikwama, kwa hiyo utaona niliacha kuandika hivyo. Peris alipika pole yake akaitia kwenye kikapu.

Vijana nimewaambia leo. Nyongesa akauliza, "Sasa Ablativus?" Jogoo keshaahidiwa mbele ya watu, hawezi kubaki. Tunakuja Jumamosi tarehe 16 Desemba.

Na kuna neno la mwisho, ambalo lisikutie hofu. Padri Mkuu anataka mwalimu wa pili kwa vijana wanaoanza Kilatini Januari. Nimekutaja. Akaniuliza, "Mwanamke awafundishe wavulana?" Nikasema amekwisha kuwafundisha, na matokeo ameyasoma kanisani. Akawasha kiko chake. Amekubali muhula mmoja, tuone kama vijana watamkubali. Kuhusu hilo siwezi kukuahidi kitu. Hawa ni wanaume wa juzi, na wanaume wa juzi ndio wanaume kuliko wote.

Mwalimu wako, na sasa mwenzako nikisikilizwa,
Festus Mukhisa


Kitale
18 Desemba 1950

Mama Wekoye mpendwa,

Umeagiza nisiache hata punje, kwa vile mtoto mchanga, mdogo wake Wekoye, alikuzuia kuja. Basi sikiliza.

Barua ya Mwalimu nilipoisoma niliketi juu ya sanduku la vitabu nikalia kilio ambacho sikulia Juni. Juni sikupata nafasi. Bibi alikufa akiwa nimefika katikati ya shairi. Nilidhani amesinzia, nikaendelea kusoma mpaka mwisho. Shemeji yake alipokuja kutafuta mnunuzi wa shamba, ambaye mpaka leo hajapatikana, aliniuliza vitabu vile vina faida gani, nikasema sijui, akaniambia nivichukue. Kesho yake yakaja maswali ya Mwalimu kuhusu vitenzi. Nikafungua sarufi ya Bibi na masomo yake niliyoyanakili, nikaona kama nikijibu, Bibi atakuwa bado anajibu. Wewe uliyatambua yote hayo ukiwa na ungo mkononi, na hukunisema. Nashukuru kwa pole ile. Nilikula kila njugu.

Walifika saa nne asubuhi, nyuma ya lori la Kiplimo, nguo zao za shule zimejaa vumbi la mahindi. Jogoo alikuwa mikononi mwa Nyongesa. Kwanza tulikwenda kaburini. Walijipanga, wakasema kwa pamoja, Gratias tibi agimus, magistra, yaani tunakushukuru, mwalimu wetu. Nilikuwa nimewafundisha maneno hayo kwa karatasi, sikuwa nimewahi kuyasikia kwa sauti za watu. Walitamka vizuri, kila herufi. Mbwa alilala chini akatulia. Mwalimu akasimama akasema kwa Kibukusu, kisha akanitafsiria: kwamba Kananachi wanamsalimu dada wa rika la Ishirini na Saba, na kwamba picha ikipigwa tena ataitwa.

Kisha mama yangu akapika. Nilijua desturi yenu, Mwalimu alinieleza nikiwa mdogo: firigisi ni ya mwanamume mkubwa aliyepo, na zamani mwanamke hakugusa kuku hata mchuzi. Kwa hiyo nilikaa na mama upande wa jiko. Sahani ikapita mikono ya vijana, firigisi ikiwa juu, na wote wakamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama dirishani kama mtu anayehesabu miti. Hakutaka kuwasaidia.

Nyongesa akaichukua ile sahani. "Mwarimu, samahani," akasema. "Tangu mwezi wa saba, nani alikuwa anatufundisha?"

"Wangui," akasema Mwalimu.

"Si basi firigisi inamjua mwenyewe."

Kukawa na minong'ono. Mmoja wao akasema, "Lakini ni mwanamke, bwana." Nyongesa akamjibu bila kugeuka, "Hata mama mkwe ni mwanamke, na ndiye aliyekupitisha mtihani." Wakacheka wote, hata yule. Akavuka chumba kizima, na ilikuwa mbali, mama Wekoye, akapiga goti kama mnavyofanya kwa wakubwa, akaniwekea sahani magotini. Akasema, "Ndugu yangu mdogo anaanza Kilatini Januari. Ana kichwa kigumu. Usimhurumie."

Nilikula. Nikatafuna polepole, wote wananitazama, kama vile nameza mtihani wao. Mwambie Mwalimu nakuja Januari, na sanduku la vitabu, na mbwa.

Kuhusu marika, nimebadili neno langu la Julai. Nilisema vile kwa sababu nilikuwa nimefiwa. Mwalimu ana haki.

Sasa kikapu chako. Nimekikawiza kama ulivyoagiza, na kwetu pia kikapu hakirudi kitupu. Ndani, chini ya viazi, pana kitu kimefungwa kwa jani la mgomba. Ni nusu ya firigisi. Nimeikausha kwa moshi na chumvi, imevumilia safari. Usimpe Mwalimu hata akiomba kwa Kilatini. Kaa mezani, uile mchana, Wekoye akikuona. Kisha uniandikie ukweli, mama yangu: kumbe ndiyo hii tu waliyokuwa wakituficha miaka yote?

Binti yako,
Wangui